Darsa: Matembezi ya Watoto Kando ya Ziwa la Kisumu

Twaingia katika mas'ala yaliyoletwa mbele ya darsa yetu, nayo tumeona yafaa kuandikwa kwani manufaa yake hayakomi kwa aliyeuliza. Muulizaji ni baba mwenye watoto wadogo watatu, mtu wa Mombasa, na ana jamaa zake Kisumu. Ataka kuwachukua watoto pamoja na mama yao wakae siku mbili tatu kando ya ziwa, si kwa biashara wala kwa tanzia, illa kwa kupumzika na kucheza. Mzee mmoja wa nyumba yao akamwambia ya kwamba safari ya namna hiyo ni upuuzi na israfu, na kwamba Mwislamu hana ruhusa ya kupoteza siku zake kwa kutazama maji. Baba akatuuliza: je, ni kweli?

Twamjibu kuwa si kweli, na mzee wetu, pamoja na heshima yake, amekaza pasipokazwa na sharia. Imepokewa na Imamu Nasai hadithi ambayo wanazuoni wengi wameisahihisha, na maana yake ni kuwa kila lisilokuwa kumtaja Mungu huhisabiwa katika mchezo na upuuzi, isipokuwa mambo manne. Na katika hayo manne yamo mtu kucheza na ahali zake, na yamo kujifunza kuogelea. Basi tazama, ewe msomaji, jinsi mambo mawili katika manne yalivyokutana katika safari hii moja. Tena ni mashuhuri kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na bibi Aisha, na kwamba aliirefusha sijida yake kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, asipende kumharakisha. Mwenye kuona haya kucheza na wanawe mbele za watu ajiulize haya hiyo ameirithi kwa nani.

Ama yale maneno maarufu ya kuwafundisha watoto kuogelea na kutupa mishale, ambayo hunasibishwa mara kwa Mtume na mara kwa Sayyidna Umar, wanazuoni wana neno katika sanadi zake. Hatuyategemei hapa, wala hatuna haja nayo, kwani hadithi tuliyoitaja yatosha.

Walakini mzee hakukosa kila kitu. Israfu ipo, nayo ni kukopa fedha ili watu waseme fulani amekwenda Kisumu, au kuwaangukia jamaa na kundi la watoto bila kuwapa khabari, ukawamalizia unga na ukawatoa katika vitanda vyao. Na upuuzi upo pia, nao ni baba kusafiri mamia ya maili kisha akaketi kivulini na simu yake mkononi tangu asubuhi hata jioni, watoto wakawa mikononi mwa mama peke yake, naye ndiye apikaye, afuaye na akimbizanaye nao. Huyo mama hakupumzika. Amehamishiwa kazi zake mahali pengine tu. Ikiwa makusudio ni mapumziko, basi yawe ya watu wote wa nyumba.

Sasa tuingie katika namna ya kwenda. Watu wengi hupenda kuondoka Ijumaa. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mwanamume aliyewajibikiwa na Ijumaa hana ruhusa ya kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, illa ikiwa ataipata sala ya Ijumaa njiani, au akhofia dhara kwa kuachwa na wenzake. Kwa hivyo aondoke usiku kabla ya alfajiri, au angoje asali kisha ashike njia. Kutoka Mombasa hata Kisumu ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na hili limepita mbali masafa ya kupunguza sala. Basi atasali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na ana khiyari ya kukusanya. Na akifika Kisumu ataendelea hivyo maadamu hakunuia kukaa siku nne kamili, pasi na siku ya kuingia na siku ya kutoka. Ama mwenyeji wa Kisumu aendaye Dunga kutembea, huyo hana safari. Atasali zake zote kwa ukamilifu, hata akibeba mikoba kumi.

Yako mambo mawili ambayo watu wa pwani hukosea wafikapo kule, nayo twataka yashikwe vizuri. La kwanza ni kibla. Mombasa iko karibu sawasawa kusini ya Makka, hata mtu wa Mombasa akielekea kaskazini huwa ameelekea kibla. Kisumu iko magharibi zaidi, kwa hivyo anayesali huko yampasa aelekee kaskazini kisha ageuke kidogo upande wa mashariki, kadiri ya digrii 13. Katika mwaka mna siku chache ambazo jua husimama juu ya Kaaba yenyewe: tarehe 27 na 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na tarehe 15 na 16 Julai, saa sita na dakika 27. Aliye kando ya ziwa siku hizo asimike kijiti wima mchangani awaite watoto. Kibla ni upande ulio kinyume na kivuli. Mtoto aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hatalisahau, nalo ni darsa ambalo halikumgharimu baba senti moja.

La pili ni wakati. Saa ni moja kwa Kenya nzima, lakini jua halifuati saa za serikali. Kisumu iko karibu digrii tano magharibi ya Mombasa, na kila digrii moja ni dakika nne. Basi jua la Kisumu huchwa kiasi cha dakika 20 baada ya kuchwa Mombasa. Mwenye kuchukua ratiba ya sala ya Mombasa akaadhini nayo Kisumu ataadhini Magharibi jua lingali laonekana juu ya maji. Na akiwa amefunga, atakuwa amekula mchana.

Kisha afahamu ni mahali gani aendako. Mtu wa pwani akisikia neno "bichi" hufikiri mchanga mweupe na mawimbi. Kule ziwani neno hilo latumika kwa mahali pashukapo samaki, penye mashua, nyavu, wachuuzi na kamati ya wavuvi. Yaani ni diko, kama tusemavyo sisi. Dunga, iliyo karibu na mji, ni mahali pa namna hiyo, na pembeni yake yako mafunjo marefu ambamo hukaa ndege wasioonekana popote ila katika mafunjo. Mwenye kutaka mchanga mweupe hana budi aende mbali zaidi, upande wa Mbita, kisha avuke kwa mashua mpaka kisiwa cha Takawiri. Mji wenyewe umekaa juu ya ghuba ya Winam, ambayo ni mkono mmoja mdogo wa ziwa, wenye maji machache ya kina na rangi ya matope. Reli ilifika hapo mwaka 1901, na Waingereza wakapaita Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Ziwa lote lina eneo la kadiri ya kilomita za mraba 68,800, na Kenya ina kama asilimia sita tu. Iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda.

Hapa ndipo penye jambo tulilokusudia khasa katika darsa hii, nalo ni uhai wa watoto. Baba wa pwani hudhani kuwa ajua maji. Ajua maji ya bahari. Ziwa halina kujaa na kupwa, halina bamvua wala maji mafu, basi lile alilozoea la kuwaachia watoto wacheze pwani maji yakiwa yametoka, huko halipo. Maji ya chumvi humbeba mtu zaidi kuliko maji baridi. Mtoto aliyejifunza kuelea Nyali atajiona mzito Kisumu. Tena maji ni ya kiza, mtoto akipotea chini yake hata kwa kina cha kiuno humwoni. Na gugumaji, lililoingia upande wetu wa ziwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990, husukumwa na upepo. Asubuhi pako peupe, jioni pamefunikwa kijani kibichi kama konde, na mtoto asiyejua aweza kudhani kuwa ni nchi kavu akakanyaga.

Shirika la Afya Duniani lilikisia kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimia miaka mitano. Yafahamike pia ya kuwa mtoto anayezama hapigi kelele. Kinywa chake kiko majini, pumzi hana, mikono yaupiga uso wa maji mara chache kisha hutoweka, na mambo yote hayo humalizika katika muda wa mtu kumimina chai. Kwa hivyo haitoshi "kuwasikiliza" watoto. Mtu mzima mmoja awe amewekwa kwa kazi ya kutazama tu, asisome, asizungumze na simu, asilale. Na mtoto asiyejua kuogelea asiwe mbali naye kuliko urefu wa mkono. Baada ya nusu saa apokezane na mwenziwe. Watu wakiwa wengi bila ya mmoja kutajwa, kila mmoja humtegemea mwingine, na mtoto huwa hana amtazamaye.

Tumeona watoto waliofungwa hirizi shingoni ili maji yasiwachukue, na tumesikia watu wakisema juu ya aliyezama kuwa amechukuliwa na jini la ziwa. Ndugu zetu, hirizi haielei. Jini anayetajwa hapo mara nyingi ni jina la mzee aliyekuwa amelala. Na wako wasemao kuwa aliyekufa maji ni shahidi, wakakoma hapo. Ni kweli kuwa hadithi imemhisabu aliyezama miongoni mwa mashahidi, nayo ni tumaini kubwa kwa waliofikwa na msiba. Lakini ni ya kuwaliwaza wafiwa, haikuletwa ili kuwapa wazembe ruhusa. Aliyeamrishwa amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mungu, yampasa azidi kumshika mwanawe.

Na ikiwa, Mungu apishe mbali, mtoto ametolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asizungushwe, kama wafanyavyo watu kwa kutaka maji yatoke. Muda huo ni wa pumzi. Alazwe chali, apuliziwe pumzi kinywani, kifua chake kibanwe kwa mpigo wa haraka, na mtu mwingine akimbilie gari. Mambo haya hufundishwa na watu wa Msalaba Mwekundu, na kila nyumba yenye watoto ingefaa kuwa na mmoja ayajuaye.

Ama mashua, watoto huzipenda, na wenye mashua wa Dunga huwapeleka watu kuwatazama viboko. Nendeni asubuhi, kwani mchana upepo wa ziwa hupanda na dhoruba huja upesi. Mtoto avae jaketi la kuokolea lililo la kimo chake, lenye mkanda upitao kati ya miguu. Jaketi la mtu mzima humpanda mtoto kichwani likamwacha yeye chini. Mashua isiyokuwa na la mtoto, mtoto asiipande, hata nahodha akiapa. Wala mtu asidanganywe na ukaribu wa nchi kavu. Wa Mombasa hawajasahau feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, na katika ziwa hili hili, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara wakafa watu zaidi ya 200.

Tuje sasa kwenye kichocho, kwani ndicho kisichoonekana. Watu wa pwani wakijua kichocho hujua kile cha Kwale na Tana, ambacho hutoa damu katika mkojo. Kile cha ziwani ni kingine kwa wingi wake: hukaa katika mishipa ya matumbo, kikadhuru matumbo na ini, na mkojo hubaki safi. Basi baba atazamaye mkojo wa mwanawe akauona mweupe, akasema "Alhamdulillahi hana kitu", amejidanganya. Asili yake ni mdudu mdogo atokaye katika konokono wakaao ukingoni penye majani na matete. Hutoka kwa mwanga na joto, khasa kadiri ya adhuhuri, akaipenya ngozi kwa muda wa dakika chache. Haulizi mtu amekunywa maji au hakunywa. Kukanyaga tu kwatosha. Na pale penye maji machache, ya vuguvugu, yasiyo na mawimbi, ambapo kila mama angesema "hapa ndipo pa watoto", ndipo palipo pabaya zaidi.

Mdudu huyo hafiki kwa konokono illa kwa choo cha mtu kilichoingia majini. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akakataza kujisaidia mahali watu watekapo maji, njiani na katika vivuli vyao. Wengi wetu twalisoma jambo hilo katika mlango wa tohara, tukalifahamu kuwa ni adabu tu. Lau tungelishika sisi na majirani zetu, mzunguko wa ugonjwa huu ungelikatika. Na matembezi ya watoto wadogo yana mtihani wake hapa: mtoto ashikwapo na haja, mkubwa humpeleka pembeni ya maji kwa kuwa choo ki mbali, na nepi huoshwa ziwani. Hilo ni haramu kwa dhara yake, na mwenye kulifanya amemtilia sumu mwana wa mvuvi ambaye hana maji mengine ya kuoga.

Watauliza: basi watoto wa watu wacheze wapi? Wacheze mchangani na nyasini, wajenge nyumba za udongo, warushe kishada. Wakitaka kuogelea, mjini mna mahoteli yenye mabwawa yaliyotiwa dawa, na baba aweza kulipia saa mbili za asubuhi kabla watu hawajawa wengi, mahali ambapo mama watoto naye atapata sitara yake na hapana ulevi. Wakitaka maji kando ya ziwa, yatekwe maji yawekwe katika pipa lenye kifuniko siku mbili kamili, kwani mdudu huyo hadumu muda huo bila ya mwili wa kuingia. Kisha yamiminwe katika beseni, wamwagiane mpaka wachoke. Kwa udhu pia mtu asiingie ukingoni kwa miguu mitupu. Maji ya ziwa ni tohara bila ya shaka, lakini yako ya bomba, na hakuna fadhila katika kujitafutia maradhi.

Jua likikaribia kuchwa, watoto warudishwe. Iko amri ya Mtume ya kuwazuia watoto wasitoke usiku uingiapo, na kando ya ziwa mtu huiona hekima yake kwa macho, kwani ndio wakati viboko watokapo majini kwenda kula majani, nao wana njia zao ambazo hawampishi mtu. Na ndio wakati mbu waamkapo. Nchi za kando ya ziwa ni katika zile zenye malaria nyingi zaidi katika Kenya. Chandarua kichukuliwe kutoka nyumbani, msitegemee cha mwenyeji.

Katika chakula maneno yetu ni machache. Samaki ni halali bila ya kuchinjwa, basi ngege na mbuta wa Dunga waleni kwa furaha na ugali wao. Ulizeni tu mafuta waliyokaangiwa yamekaangiwa nini kabla yake, na kuku msimle mpaka mjue mchinjaji. Ngege ana miba midogo, achambuliwe kwa mkono kabla ya kupewa mtoto. Wako ndugu zetu wasioamini samaki asiyetoka chumvini. Hao twawaombea uwongofu.

Na mahali pa kuwatembeza watoto hapakosekani. Liko bustani la swala pala kando ya ziwa, lililotengwa mwaka 1992, ambapo watoto huwaona swala kwa karibu. Iko makumbusho ya Kisumu, iliyofunguliwa mwaka 1980, yenye samaki wa ziwa katika vioo na mfano wa boma la Kijaluo. Na aliye na gari afike Kendu Bay alione ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kuwa palikuwa na kijiji, usiku wa karamu akaja bi kizee akiomba hifadhi, wakamfukuza, na maji yakakimeza kijiji. Wataalamu husema kuwa ni shimo la volkeno, nasi twakubali. Lakini mzee awasimuliapo wajukuu hadithi ile pale ukingoni, kisha akawauliza wao wangemfanyaje bi kizee, atapata majibu ya kustaajabisha.

Safari haimaliziki kwa kufika nyumbani. Mtoto akipata homa baada ya juma moja au katika mwezi unaofuata, apelekwe siku hiyo hiyo apimwe malaria, na daktari aambiwe kuwa alikuwa Kisumu. Ama kichocho, mayai yake hayaonekani mara moja. Mtoto aliyeingia ziwani apimwe choo baada ya majuma sita hadi manane, wala asipimwe siku ya pili yake akaambiwa yu mzima. Dawa yake ipo nayo ni prazikwanteli. Kwa miaka mingi watoto wasiotimia umri wa skuli waliachwa nje ya ugawaji wake, kwa sababu kidonge ni kikubwa na kichungu. Ilitengenezwa nyingine kwa ajili yao, ya watoto wa miezi mitatu hata miaka sita, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaitia katika dawa lilizozihakiki. Muulizaji wetu ana mtoto wa miaka miwili, basi amwulize daktari kwa jina la dawa hiyo ya watoto, asikubali kuambiwa kuwa huyu bado ni mdogo.